Ganzi ya Kifundo cha Mkono Kilichovunjika: Mwongozo Kamili, Kuanzia Chupa ya Lignokeini Hadi Hogo

Msimu wa embe ukiingia hapa Kigoma, simu yangu haitulii. Watoto wanaporomoka kutoka kwenye miembe ya Ujiji, wakwezi wanateleza kwenye michikichi, bodaboda wanaanguka kwenye vumbi, na kina bibi wanateleza na ndoo kwenye mawe ya ufukweni. Karibu wote hutanguliza kiganja, na kifundo cha mkono huvunjika. Kisha mwenzangu wa kituo cha afya ananipigia na swali ambalo nimeshalisikia mara nyingi: "Nimechoma ganzi, nimevuta mfupa urudi, mgonjwa kapiga kelele mpaka wodi ya wazazi wakatoka kuangalia. Hii lignokeini imeisha nguvu?"

Haijaisha nguvu. Visa vingi ninavyosimuliwa vina kosa moja kati ya mawili: ama sindano haikufika kwenye damu ya mvunjiko, ama ilifika na mvutaji hakusubiri.

Mwongozo huu ni wa matabibu, madaktari na wauguzi waliofundishwa kurudisha mifupa mahali pake. Si wa kujaribu nyumbani. Ndugu wa mgonjwa ana kazi tatu tu: kuufunga mkono kwenye kipande cha boksi gumu ulivyo, kuvua pete na bangili mapema, na kumleta bila kukandwa.

## Ganzi ipi kwa mgonjwa yupi

Kwa mtu mzima aliyevunjika karibu na kifundo, ngozi ikiwa nzima na siku moja haijapita, chaguo rahisi kwetu ni kuingiza lignokeini ndani ya damu iliyojikusanya kwenye mvunjiko. Wengi huiita hematoma bloku. Haihitaji mashine na dawa yake ni ya bei nafuu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu hiyo.

Ipo ganzi ya mshipani, inayoitwa bloku ya Bier. Mkono unafungwa kwa mpira wa presha, kisha dawa inaingizwa kwenye mshipa wa mkono huohuo. Inatuliza vizuri zaidi, na mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaitaja kama njia ya kufikiriwa kwa watu wazima mfupa ukiwa umehamia upande wa mgongo wa mkono, ikifanywa na watu waliofunzwa. Lakini ina masharti. Mpira uwe wa kazi hiyo na usiovuja, ujazwe hadi milimita 100 za zebaki juu ya presha ya juu ya mgonjwa, na usifunguliwe kabla ya dakika 20 kupita tangu dawa iingie, hata kama umemaliza kazi dakika ya tano. Ukifunguka mapema, dawa yote inakimbilia moyoni na kwenye ubongo. Bupivakeini, dawa nyingine ya ganzi, ni marufuku kabisa kwa njia hii, kwa sababu imewahi kuua kwa kusimamisha moyo. Mgonjwa wa selimundu asifungwe mpira huo. Kama mashine yako ya presha inapoteza upepo taratibu ukiitazama, na nyingi zetu ziko hivyo, iache njia hii.

Kuchoma neva juu ya kiwiko au kwapani kwa kuongozwa na ultrasaundi ni kuzuri sana kwa aliyefundishwa. Sitakueleza hapa kwa sababu haijifunzwi kwa kusoma.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Ganzi ya neva inayochomwa kwenye kifundo chenyewe, ile tunayotumia kushona kiganja, haitoshi kwa mfupa huu. Kiganja kitakufa ganzi, lakini matawi ya neva yanayohudumia mfupa yameshaachana na shina juu zaidi. Mgonjwa hatasikia ukimfinya kidole, ila ukimvuta ataruka.

Mtoto mdogo anayelia na kujinyonganyonga usipambane naye kwa sindano ya mvunjiko. Ketamini, dawa ya usingizi, mikononi mwa anayeijua, pamoja na mtu wa pili wa kulinda njia ya hewa, ni huruma zaidi. Tena mtoto ambaye mfupa wake umebonyea tu bila kuhama hahitaji kuvutwa hata kidogo.

## Vifaa vya kuweka mezani kabla hujamgusa mgonjwa

- Lignokeini isiyo na adrenalini, ya asilimia 1. Ukiwa na ya asilimia 2, weka na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ya kuizimulia.
- Bomba la mililita 10, sindano moja ya kuvutia dawa na nyingine ya kuchomea. Ya kijani, geji 21, inafaa wengi. Mkono mwembamba unaridhika na ya bluu, geji 23.
- Glavu zilizotakaswa, gauzi, na povidoni au klorheksidini ya kusafishia ngozi.
- Kanula iliyokwisha kuwekwa kwenye mkono mzima.
- Ambu (mfuko wa kusukumia hewa mapafuni) na barakoa yake, oksijeni, mashine ya kunyonya mate, diazepamu ya sindano, mashine ya presha na oksimita ya kidoleni.
- Pamba ya kuviringisha, bandeji za plasta, bandeji za kawaida, ndoo ya maji, na khanga au kitambaa cha kombeo.
- Mtu wa pili. Huyu si wa hiari.
- Saa inayotembea.

Usicheke kuhusu saa. Utaona.

Soma lebo ya chupa mwenyewe, kwa sauti, mwenzako akisikia. Chupa za bupivakeini na za lignokeini zinaweza kukaa droo moja na kufanana kama pacha.

## Hatua ya 1: Kagua vidole kabla ya dawa yoyote

Mwombe anyooshe vidole, avikunje, avitanue, na agusishe kidole gumba na kile kidogo. Gusa ncha ya kila kidole kwa pamba. Bonyeza ukucha uone damu inarudi ndani ya sekunde mbili. Andika ulichokiona, pamoja na saa.

Sababu ni nyepesi: baada ya ganzi, kidole kilichokufa ganzi hakitakuambia kama ni dawa au ni neva iliyobanwa na mfupa. Ukiwa hukuandika mwanzo, utabaki kubahatisha.

Tazama ngozi ya mgongo wa kifundo. Wengi wamepitia kwa mtaalamu wa mifupa wa kijijini kabla ya kufika kwako, na wengine wana chale mbichi juu ya uvimbe au dawa ya majani iliyofungwa usiku kucha. Usimgombeze mzee, amkia, fungua taratibu, osha, angalia. Chale mbichi, jipu, au jeraha linaloingia hadi mvunjikoni vinafunga njia hii kabisa. Unachopitisha hapo ni vijidudu kwenda kwenye mfupa, na usaha wa mfupa ni ugonjwa wa miezi. Mvunjiko wenye jeraha unahitaji antibayotiki na chumba cha upasuaji.

Uliza pia muda. Damu ya mvunjiko huganda. Baada ya saa 24 hivi, dawa haisambai vizuri tena. Mgonjwa aliyetoka vijiji vya kusini mwetu kando ya Ziwa Tanganyika na kusubiri boti hadi kesho yake, mfikirie njia nyingine tangu mwanzo.

Wakati unaandaa, mpe parasetamoli gramu 1, na ibuprofeni miligramu 400 kama hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito. Fanya eksirei ya pande mbili. Sindano ya diklofenaki pekee halafu kuvuta, mtindo ambao bado naukuta, siyo ganzi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu, kisha iandike

Asilimia 1 maana yake miligramu 10 katika kila mililita. Asilimia 2 ni miligramu 20.

Kikomo ninachotumia ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mgonjwa, na isizidi 200 kwa jumla. Vitabu vingine vinaruhusu zaidi kwa ganzi ya kwenye ngozi, lakini mfupa uliovunjika hunyonya dawa haraka, kwa hiyo nabaki chini.

Chukua bibi wa kilo 45. Kikomo chake ni miligramu 135. Mililita 10 za asilimia 1 ni miligramu 100, yuko salama na umebakiwa na nafasi. Sasa umejaza bomba hilohilo kwa dawa ya asilimia 2 bila kusoma: hiyo ni 200. Umempa karibu mara moja na nusu ya kikomo chake na bomba linaonekana vilevile.

Kama una asilimia 2 tu, vuta mililita 5 za dawa na mililita 5 za maji ya chumvi kwenye bomba moja. Umepata 10 za asilimia 1.

## Hatua ya 3: Mlaze na umweleze

Alale chali, siyo kuketi. Wengine huzimia wakiona sindano. Mkono ulazwe pembeni, kiganja kikitazama chini, juu ya kitenge kilichokunjwa. Mwambie utachofanya na utasubiri muda gani. Mwambie pia aseme mara moja akisikia ganzi mdomoni, ladha ya chuma, au kengele masikioni. Ataelewa, ukimwambia kwa lugha yake.

## Hatua ya 4: Tafuta ngazi

Hapa ndipo wengi wanapoanza kupotea, kwa hiyo tutachelewa kidogo.

Weka kidole chako cha shahada kwenye mgongo wa mkono wa mgonjwa, katikati ya kiwiko na kifundo, upande wa kidole gumba. Teremka polepole kuelekea kifundo ukigandamiza kidogo. Mfupa utakuwa laini na sawa, sawa, sawa, halafu kidole kitapanda ghafla. Hicho kipande kilichopanda ndicho kilichohamia nyuma na kuufanya mkono uonekane kama uma uliolazwa kifudifudi. Ngazi hiyo ndiyo mlango wako.

Uvimbe ukiwa mkubwa, ngazi hujificha. Bonyeza palepale kwa kidole gumba kwa nusu dakika; maji ya uvimbe yatasogea na mfupa utajitokeza. Linganisha na eksirei: pima kwa upana wa vidole mvunjiko uko mbali kiasi gani na kifundo.

Weka alama kwa kalamu. Ukishapaka dawa na kuvaa glavu, kumbukumbu ya kidole hupotea.

Daima ingia upande wa mgongo. Upande wa kiganja una ateri na neva kubwa ya katikati, na huna biashara huko.

## Hatua ya 5: Safisha kama unaingia kwenye mfupa

Kwa sababu kweli unaingia. Paka kuanzia kwenye alama kwenda nje, mara mbili, acha ikauke yenyewe. Kupepea kwa faili la mgonjwa hakusaidii.

## Hatua ya 6: Choma hadi uone damu

Anza kama sentimita moja juu ya ngazi, yaani upande wa kiwiko. Kwepa mishipa inayoonekana. Lalisha sindano nyuzi 30 hivi, ncha ielekee vidoleni, chini ya kile kipande kilichopanda.

Endelea hadi uguse mfupa. Utahisi ugumu, kama kugonga chungu kwa kijiti. Vuta nyuma kidogo sana, elekeza mbele kidogo, gusa tena. Tembeza ncha hivyo juu ya mfupa mpaka mahali inapozama badala ya kugonga. Umeingia kwenye ufa.

Sasa vuta mpini wa bomba. Damu nyeusi nyeusi itaingia, wakati mwingine ina matone ya mafuta yanayong'aa. Hayo mafuta ni ya uboho, na ni ushahidi mzuri kuliko damu yenyewe.

Tumefundishwa wote kwamba ukivuta ukaona damu, usiingize ganzi. Hapa kanuni inageuka: usipoona damu, usiingize. Ni ugeni huo unaowafanya wenzetu wavute sindano nyuma kwa hofu, wamwage dawa chini ya ngozi, kisha washangae. Lakini damu iambatane na ule mguso wa mfupa. Damu nyekundu inayosukuma bomba yenyewe ni ya ateri. Toa, gandamiza dakika tano, anza upya.

Damu isipokuja, usimalize dawa kwa matumaini. Rudi hadi karibu na ngozi, papasa ngazi tena, badili mwelekeo. Ikigoma mara tatu, ile ultrasaundi ya kliniki ya wajawazito, ikiwa ina kichwa cha bapa cha kutazama vitu vya juu juu, itakuonyesha mstari mweupe wa mfupa na mahali ulipokatika.

## Hatua ya 7: Ingiza polepole

Ingiza mililita 6 hadi 8 kwa kama dakika moja na nusu, ukisimama kila mililita mbili kumwuliza swali. Nipendalo mimi: "Bibi, una wajukuu wangapi?" Akijibu vizuri, endelea. Akianza kuchanganya majina, simama.

Bomba likikataa kusukumwa, ncha imekwama kwenye mfupa au kwenye kano. Rudi milimita moja au mbili. Usilazimishe.

Hizo mililita mbili zilizobaki zina kazi. Kifupa kinachochomoza upande wa kidole kidogo mara nyingi nacho kimevunjika. Kama kinauma ukikibonyeza, choma hapo pembeni yake, juu ya mfupa. Kukisahau ndicho chanzo cha ganzi iliyoshika nusu.

Dalili za hatari. Midomo kufa ganzi, ladha ya chuma, kengele masikioni, kizunguzungu, kuropoka, misuli kurukaruka, kisha degedege au moyo kwenda mrama. Acha dawa papo hapo. Ita watu. Fungua njia ya hewa, toa oksijeni, saidia kupumua kwa ambu ikibidi. Degedege lizuie kwa diazepamu miligramu 5 hadi 10 mshipani, taratibu. Moyo ukisimama, anza kukandamiza kifua na usikate tamaa mapema. Hospitali zenye mafuta ya dripu ya asilimia 20 huanza na mililita 1.5 kwa kilo. Kama yako haina, piga simu ya rufaa wakati mwenzako anaendelea kukandamiza.

## Hatua ya 8: Subiri

Andika saa uliyotoa sindano. Ongeza dakika 15. Ondoka mezani.

Nilipokuwa mgeni kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, foleni ilifika mlangoni na mimi nikamvuta bibi mmoja dakika ya tatu. Alinishika koti kwa mkono mzima akaniambia, "Mjukuu wangu, nimekukosea nini?" Nikamaliza hivyohivyo. Robo saa baadaye, hogo la plasta likiwa limeshaganda, akasema kwa mshangao kwamba sasa mkono hauumi kabisa. Ganzi ilikuwa imefika mahali pake. Mimi ndiye niliyeikimbia.

Dakika 10 ni za chini kabisa. Tumia muda huo kukata plasta, kumwonyesha msaidizi pa kushika, kujaza faili.

Umefaulu ukiona hivi: kabla ya sindano alikuwa anavuta mkono ukiusogelea, sasa unaweza kuibonyeza ngazi kwa kidole gumba na akakutazama tu. Atahisi kuvutwa na kusukumwa, na umwambie hilo mapema. Maumivu makali hapana. Akikunja uso kwa kubonyezwa, ongeza dakika tano. Bado? Una nafasi kwenye hesabu yako? Rudia kwenye damu. Nafasi imeisha? Badili njia, usiongeze dawa.

## Hatua ya 9: Vuta

Kiwiko kikunjwe pembe mraba, msaidizi ashike mkono juu ya kiwiko na kuuvuta upande wake. Wewe shika kiganja na kidole gumba, vuta kwa uzito usiobadilika dakika mbili hadi tatu. Uvutaji wa kushtua huamsha misuli. Wa kudumu huichosha.

Ukihisi kipande kimelegea, zidisha kidogo ule mpindo wa mwanzo ili kingo ziachane, kisha sukuma kipande mbele kwa kidole gumba chako huku ukikunja kifundo kidogo na kukielekeza upande wa kidole kidogo. Papasa. Ngazi ikitoweka, umemaliza.

## Hatua ya 10: Hogo la nusu

Pamba kwanza, kisha tabaka 8 hadi 10 za plasta upande wa mgongo, kuanzia chini ya kiwiko hadi kwenye mizizi ya vidole. Vifundo vya vidole vibaki nje, avikunje. Usifunge hogo la kuzunguka mkono siku ya kwanza. Uvimbe bado unakuja. Usikunje kifundo kupita kiasi ukidhani unakaza kazi, utaibana neva ya katikati.

Rudia eksirei. Kagua vidole tena, ukilinganisha na maandishi ya hatua ya kwanza. Ganzi ikiisha, baada ya saa moja au mbili, kagua mara ya tatu. Kidole kilichokuwa na hisia mwanzoni na hakijazirudisha baada ya dawa kuisha ni cha kupiga simu, siyo cha kusubiri asubuhi.

Anaporudi nyumbani, mkono ukae juu ya usawa wa moyo na vidole vifanye kazi kila saa. Arudi usiku uleule kama maumivu yanapanda, vidole vinavimba, vinapoa au vinabadilika rangi. Parasetamoli ya siku kadhaa aondoke nayo mkononi.

Eksirei ya marudio ni siku ya 7 hadi 10, kwa sababu mfupa huweza kuteleza ndani ya hogo bila mwenyewe kujua, na baada ya hapo kuurudisha ni vigumu. Hogo lenyewe hukaa wiki tano hadi sita. Tarehe hizo mbili ziandike juu ya hogo kwa kalamu ya wino mzito. Kadi ya kliniki huloa ndani ya mtumbwi.